Mzee Sol, Mawe ya Mizani na Kinasa Sauti Kilichozimwa

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, kikombe cha chai yake mkononi, Mzee Sol akaniambia, "Osman, kizime hicho kidude. Njiani huwa nasema upuuzi mtupu. Tukishafika nitakaa mezani, niseme kama mtu wa serikali." Nami nikakizima. Kilikuwa kinasa sauti kidogo, ukubwa wa kibiriti, na kitufe chake kililia tik.

Nyinyi wenzangu wa kahawa ya Ijumaa hapa mtaani Phillips mmeniuliza mara nyingi ile siku ilikwendaje, nami nimekuwa nikiwapa vipande vya kuchekesha tu. Leo nimekaa niandike yote. Kutoka Mombasa hadi Minneapolis nilisafiri siku mbili, na sina la kusimulia ila miguu kuvimba. Kutoka Golden Valley, alikokaa Mzee Sol, hadi Saint Paul nilisafiri siku moja, na mpaka leo sijaimaliza.

Kwanza mumjue mwenyewe. Mzee Sol alikuwa Myahudi wa hapa hapa, mwenye miaka themanini na minane. Karibu miaka arobaini alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Ukinunua ratili ya nyama, yeye ndiye aliyehakikisha ni ratili kweli. Ukitia petroli, yeye ndiye aliyepima kama pampu haikuibi. Mimi nilipokuja nchi hii nilipata kazi ya usafi katika jengo la ofisi yao kule Saint Paul, baadaye nikahamishiwa chumba cha barua. Wakubwa wengi walikuwa wakipita kando ya ndoo yangu kama wanaokwepa dimbwi. Sol alikuwa akisimama. Jina langu, Athumani, lilimshinda, akaniita Osman, na urafiki wetu ukaanza hapo.

Sasa kuna mwanamke aitwaye Naomi. Yeye na wenzake wanakusanya sauti za wazee wa Kiyahudi waliofanya kazi serikalini: watu wa posta, wa kodi, wa barabara, wakaguzi. Wanasema wazee hawa wanaondoka na habari zao, na watoto hawatajua babu zao waliingiaje kwenye ofisi zile. Naomi alimwomba Sol miaka miwili, Sol akakataa miaka miwili. Mwisho akakubali kwa sharti moja, nimchukue mimi, na twende kwa basi. Naomi akanipa kinasa sauti na kunisihi, "Kiwashe akifungua mlango tu, usikizime mpaka mnifikie. Wazee husema yaliyo bora wakiwa njiani."

Na Sol naye alinisihi lake, asubuhi ile ile, akifunga vifungo vya koti. "Kuna jina moja nataka liandikwe, Osman. Ndilo linalonitoa nyumbani. Mengine yote ni mbwembwe."

Kwa hiyo nilijua. Msije mkasema sikujua.

Golden Valley

Miadi yetu ilikuwa saa saba mchana, na chumba kilikuwa chetu mpaka saa tisa na nusu. Tulitoka saa nne asubuhi. Theluji ya mwisho wa Machi ilikuwa imeyeyuka nusu, ile ya rangi ya kijivu inayoingia kwenye viatu bila kubisha hodi. Sol alikuwa na begi la ngozi ambalo hakutaka nilibebe, na lilikuwa likimvuta upande mmoja mpaka akawa anatembea kama kaa.

"Una nini humo?"

"Mawe yangu ya mizani. Tulistaafu pamoja. Nayo yana haki ya kuhojiwa."

Yalikuwa mawe ya shaba, makubwa kwa madogo, kila moja ndani ya shimo lake kwenye kisanduku cha mbao. Basi lilipofika, dereva, mama mmoja mnene mwenye kofia ya manyoya, alimtazama akipanda kwa shida akasema, "Babu, umebeba matofali?"

"Nimebeba serikali," Sol akamjibu.

Yule mama alicheka mpaka akasahau kufunga mlango, na baridi ikatuingilia sote.

Hata kabla ya basi kuja, tukiwa bado kituoni, Naomi alikuwa ameshapiga simu. "Mko wapi?" Nikamwambia, "Tuko njiani, binti yangu. Tumekaribia." Nyinyi mnaijua "tumekaribia" yetu. Ni ya kumtuliza anayesubiri, awe na moyo, aendelee kupika. Naomi hakulelewa nayo. Yeye aliandika kwenye daftari kwamba tumekaribia.

Ndani ya basi Sol alifunguka kama bomba. Kila kituo cha petroli tulichopita alikuwa na habari zake. "Kile kilikuwa kikiiba kijiko kwa kila galoni. Kile, kile pale, kilikuwa kikiwapa watu zaidi. Mwenyewe alilia nilipomwambia." Akaniambia alivyomaliza shule akaenda kuomba kazi katika kampuni moja mjini. Karani alisoma jina lake, akasema nafasi zimejaa. Rafiki yake Mlutheri akaingia nyuma yake, akatoka na kazi na kalenda ya ukutani. Ndipo Sol alipoufanya mtihani wa serikali.

"Mtihani ulikuwa na hesabu, Osman, na maswali ya ratili na galoni. Haukuuliza baba yangu anasali wapi. Niliupenda kama mchumba."

"Na mama yako alisemaje?"

"Alitaka daktari. Akawaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa mizani. Kuna jirani alinijia na mgongo wake."

Kwa kuwa hakutaka kufanya kazi Jumamosi, siku yao ya ibada, aliwashikia wenzake zamu zote za Krismasi. "Miaka yote ile, mji mzima ulikuwa ukila batamzinga, na Myahudi mmoja alikuwa akizunguka kwenye baridi na ndoo ya kupimia petroli. Wenye vituo walinipa biskuti. Nilinenepa kwa kuzaliwa kwa Yesu."

Abiria wa mbele waligeuka. Mmoja alijifuta machozi. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwangu, kimelala.

Phillips

Hapa kosa ni langu peke yangu. Tulipofika katikati ya mji tungeweza kupanda treni moja kwa moja hadi Saint Paul. Lakini nilikuwa na mahamri na mbaazi ambazo binti yangu Mwanaisha alinifungia, na nikataka tule mahali penye joto. Nikasema, "Twende kwa Twalibu dakika kumi."

Twalibu mnamjua, yule Mmalindi mwenye bucha. Aliinua kichwa, akaweka kisu chini.

"Hebu ngoja wewe! Athumani, huyu umemtoa wapi? Si huyu ndiye aliyenibandikia kibandiko chekundu cha marufuku kwenye mizani wiki yangu ya kwanza?"

Sol akatengeneza miwani. "Dukani kwako kulikuwa na pangaboi."

"Sikilizeni!" Twalibu akawaita wateja wake, Wasomali wawili na mama mmoja wa Kikisii aliyevaa sare za hospitali. "Mizani yangu ikawa inazidisha. Mimi nishaapa huyu mzungu ananionea kwa kuwa mimi Mwislamu mgeni. Akakaa hapo, hapo ulipokanyaga wewe mama, saa nzima. Anatazama mizani, anatazama juu. Mwisho akazima pangaboi. Kumbe upepo ndio uliokuwa ukikandamiza sahani! Akanitolea kibandiko, akaniambia hata wao Wayahudi huitwa majina mabaya, nisijali."

"Nilisema watu walituita wezi wa mizani toka zamani," Sol akasahihisha. "Ndiyo maana nilitaka kuhakikisha kabla sijakuita wewe."

Twalibu akaleta sahani ya nyama ya kukaanga. Sol akainua mkono: yeye hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yao. Twalibu akaona haya kama aliyemkanyaga mgeni. Nikafungua mahamri na mbaazi.

"Hii ina maziwa?" Sol akauliza, maana nyama na maziwa kwao havikai pamoja, na ile sahani ya nyama ilikuwa bado imeegemea mbaazi.

"Ya nazi tu," nikamwambia.

"Huyo nazi ana kwato?"

"Ni tunda, mzee wangu! Linaota juu ya mti!"

"Basi nipe. Mti hauna ugomvi na mtu."

Twalibu alishika kaunta kwa mikono miwili asianguke. Sol alikula mahamri manne na kulamba mbaazi kwa kidole. Halafu Twalibu akadai mizani yake ipimwe upya mbele ya mashahidi. Kisanduku kikafunguliwa, pangaboi likazimwa kwa heshima, mawe yakapandishwa moja moja. Namba zikatua sawasawa, duka zima likapiga makofi, na yule mama wa Kikisii akasema, "Sasa nipimie maini kabla hajaondoka huyu."

Dakika kumi zikawa saa moja na nusu. Naomi akapiga tena. "Tumekaribia kabisa," nikasema, mdomo umejaa hamri. Akaniuliza, "Nije niwachukue kwa gari?" Nikajibu, "Hapana, ya nini kujisumbua?" Hilo nalo liandikwe upande wangu.

Roseville, ambako hatukuwa tunakwenda

Tulikuwa bado tunacheka tulipopanda basi lililofuata, na kucheka kulitufanya tusisome kilichoandikwa mbele. Nilipozinduka niliona maegesho makubwa ya magari na lile jengo la maduka la Roseville. Saint Paul ilikuwa kwingine kabisa.

"Osman," Sol akasema kwa upole, "wewe ndiye uliyekuwa rubani."

Ilibidi tusubiri basi jingine nusu saa, na nje upepo ulikuwa ukichuna masikio. Tukaingia ndani. Pale palikuwa na duka la peremende za kupima, masanduku ya vioo yenye kila rangi, na kwenye kaunta, mizani. Nilimwona Sol akisimama kama paka aliyesikia panya.

"Mzee, tuna miadi."

"Dakika moja."

Alinunua robo ratili ya peremende za tangawizi, kisha akaitoa kwenye mfuko, akatoa mawe, akaanza. Msichana wa kaunta alirudi nyuma hatua mbili. Baada ya muda mfupi akaja askari wa lile jengo, kijana mrefu mwenye redio begani, na kunisemesha kwa Kiingereza kigumu kuhusu vyuma. Nilipojinong'oneza kwa Kiswahili, "Subhanallah, tumekwisha," yule askari akafungua macho.

"Papa, uko unasema Kiswahili? Mbona hukusema tangu mwanzo! Walinipigia simu ati kuna ba mzee wawili wako na byuma mu sakoshi," akasema akilionyesha begi la Sol. "Niko natoka Bukavu, mimi."

"Sisi watu wema, mwanangu. Huyu alikuwa mkaguzi wa serikali."

"Wa serikali?" Akasimama wima. "Basi apime. Apime vizuri."

Akasimama pale kama mlinzi wa rais mpaka Sol alipomaliza. Mizani ilikuwa sahihi. Sol akavua kofia kwa yule msichana akamwambia, "Binti, mizani yako ni safi kuliko dhamiri yangu." Msichana hakuelewa, akatuongezea peremende za bure. Yule mkaguzi wa zamani akakataa, kwa sheria. Mimi nilizichukua.

Basi la kwenda Saint Paul

Tuliketi viti vya nyuma. Nilitegemea vichekesho vingine, lakini Sol aliweka begi mapajani na kulikumbatia mpaka tukapita taa tatu. Halafu akaniambia lile jambo.

Wiki yake ya kwanza kazini, bado yuko kwenye majaribio, mtu mmoja wa ofisi ile alichukua mawe yake usiku, akayatoboa chini, akatoa shaba kidogo, akaziba. Yangepimia vibaya duka baada ya duka, wenye maduka wangelalamika, na Myahudi mpya angefukuzwa kama mwizi au mjinga. Mwanamke msafishaji wa ofisi alimwona yule mtu. Kesho yake alfajiri akamsubiri Sol kwenye ngazi, fagio mkononi, akamwambia, "Usitoke na hayo mawe. Kayapimishe kwanza."

Sol akayapeleka kupimwa, na ikaonekana kweli. Akatakiwa kuandika ripoti. "Niliandika, 'Kasoro imegunduliwa.' Imegunduliwa na nani? Sikuandika, Osman. Niliogopa kuulizwa kwa nini nazungumza na wasafishaji ngazini. Mwezi uliofuata yeye hakuonekana tena. Nikauliza, nikaambiwa hahitajiki. Mimi nikabaki, nikapandishwa cheo, nikapewa saa ya kustaafu. Kila asubuhi nilipofungua kisanduku hiki nilimkumbuka."

Akanitajia jina lake. La kwanza na la ukoo. Alilitaja mara tatu, polepole, na mara ya tatu alitazama dirishani kama anayelisoma huko.

Nilikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa na kinasa sauti kwenye mfuko wa koti. Nilimshika mkono nikamwambia, "Hilo utalisema tukifika." Akasema, "Hilo ndilo nitakalofikia, nikishapanga mambo yangu."

Na nikiri jingine ambalo sikuwaambia kwenye kahawa. Nilifurahi. Mimi niliyekuwa nikisukuma ndoo katika jengo lile lile, nimeaminiwa siri ambayo hata wanawe hawajui. Nilitaka kidogo iwe yangu.

Chumba cha Saint Paul

Tulifika saa tisa na dakika kumi. Naomi alikuwa amesimama mlangoni, shingo imekuwa nyekundu kwa wasiwasi, na hakutugombeza. Akaniuliza, "Kimenasa?" Nikamrudishia kinasa sauti. "Hakikunasa," nikasema. "Mzee alitaka kusema akiwa mezani." Aliuma mdomo, akakiwasha.

Na hapo, jamani, Sol yule wa kwenye basi akatoweka. Alichana nywele, akafunga kifungo cha juu, akaweka mikono mezani, akaanza kama anayesoma ripoti. Jina lake kamili. Cheo chake. Wilaya alizokagua, kwa mpangilio wa alfabeti. Aina za mizani. Naomi akamuuliza kuhusu Krismasi, akasema, "Zamu zilipangwa kwa makubaliano." Akamuuliza kama alibaguliwa, akasema, "Palikuwa na changamoto." Nilikuwa nikimkanyaga mguu chini ya meza. Akanitazama, "Osman, unanikanyaga," na hilo nalo limenaswa.

Dakika kumi na mbili zikapita hivyo. Kisha akanywa maji, akasogea mbele, nikajua sasa anafika. Mlango ukafunguliwa. Akina mama wanane na mifuko ya nyuzi, kundi la kufuma soksi, chumba kilikuwa chao. Walisimama wakitabasamu.

Naomi akawaomba dakika tano. Sol akakataa. "Mshale wa mizani bado unatikisika," akasema. "Nikisoma sasa nitasoma vibaya. Kuna jambo la wiki yangu ya kwanza, nalo halitaki haraka. Nitalisema Jumatano ijayo." Akafunga kisanduku chake. Kule kutoka, alipima donge la uzi la mama mmoja kwa mkono na kumwambia limepungua wakia moja. Wote wakacheka. Nasi tulicheka njia nzima ya kurudi, tukala peremende za tangawizi, nikamwacha mlangoni kwake.

Jumatatu iliyofuata moyo wa Sol ulisimama. Wayahudi, kama sisi, hawacheleweshi maiti. Jumanne nilikuwa makaburini, nikapewa sepetu, nikatia udongo zamu yangu. Naomi alinijia hapo hapo na viatu vyenye tope.

"Ni jambo gani hilo la wiki ya kwanza?"

Nikamwambia lote: mawe, shaba, ngazi, fagio. Alikuwa akiandika mbio. Akainua kalamu. "Na huyo mwanamke aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Naukumbuka mkono wa Sol juu ya begi. Nakumbuka nazi na kwato, pangaboi, askari wa Bukavu, mpaka ladha ya tangawizi. Jina halikuja, na halijaja mpaka leo. Nimelala nikiwaza herufi moja baada ya nyingine. Naomi aliandikia ofisi ya zamani. Walijibu vizuri: majina ya wakaguzi yapo yote, ya wasafishaji hayakuwekwa. Nilipaswa kulijua hilo, maana langu la miaka ile ya ndoo nalo halimo.

Vichekesho hivi nimemsimulia Naomi, naye amevinasa, lakini ni kwa sauti yangu, na juu yake ameandika kwamba vimesimuliwa na rafiki. Za Sol mwenyewe zimebaki dakika kumi na mbili za wilaya kwa alfabeti.

Mliuliza ile siku ilikwendaje. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizopata katika nchi hii. Na kwa kubonyeza kile kitufe asubuhi, kwa sababu niliona haya kumkatalia mzee nyumbani kwake, nimeipoteza sauti ya rafiki yangu akicheka, na nimelipoteza jina la mwanamke aliyesimama ngazini na fagio, mara ya pili.